Mifupa ya wanaosafishwa damu isisahaulike

MPANGO wa serikali wa kukodisha vifaa vya matibabu, ulioanza mwaka wa 2015, ulifikisha mashine za kusafisha damu katika hospitali nyingi za kaunti. Wagonjwa wa figo waliozoea kusafiri hadi miji mikubwa kila wiki walipata afueni. NHIF iliwalipia, na Oktoba 2024 jukumu hilo likahamia SHA.

Mjadala wetu, hata hivyo, umeishia kwenye idadi ya mashine na malipo. Mifupa ya wagonjwa hawa haitajwi.

Figo hazichuji uchafu pekee. Ndizo zinazoiwezesha vitamini D kufanya kazi na kuondoa fosforasi iliyozidi. Zinapofeli, fosforasi hurundikana, kalisi hupungua katika damu, na tezi ndogo zilizo shingoni hutoa homoni inayochota kalisi kutoka mifupani. Mashine huondoa sehemu tu ya fosforasi hiyo. Miaka ikipita, mgonjwa huteleza bafuni tu akavunjika nyonga.

Tangu 2017, mwongozo wa kimataifa wa KDIGO umependekeza wapimwe uzito wa mifupa kwa eksirei maalumu ya DXA, iwapo matokeo yataathiri matibabu. Lakini mkazi wa Lodwar atakipata wapi kipimo hicho karibu naye? Hapa ndipo ultrasaundi inapofaa. Kifaa kidogo hupitisha mawimbi ya sauti kisiginoni na kupima kasi yake na jinsi yanavyofifia. Hakitoi miale ya eksirei, huhamishika kwa urahisi, na kazi huisha kwa dakika chache.

Kina upungufu wake, ambao sidhani muuzaji atautaja mbele ya wakuu wa kaunti. Hakiwezi kueleza iwapo mfupa unabomoka kwa kasi au umelala, haubomoki wala haujijengi. Tofauti hiyo hutafutwa kwa vipimo vya damu, na wakati mwingine kwa kukata kipande cha mfupa. Si jambo dogo: baadhi ya dawa za mifupa huzuia ubomokaji, na zinaweza kumdhuru ambaye mfupa wake tayari umelala. Tena miguu iliyovimba maji huvuruga matokeo. Ni heri mgonjwa apimwe baada ya kusafishwa damu, si kabla.

Basi kitumike kama chekecheke. Atakayeonekana kuwa hatarini apelekwe kupimwa DXA na homoni, na SHA igharimie vipimo hivyo pamoja na usafishaji wa damu. La sivyo, tutakuwa tunamwambia mgonjwa kwamba mifupa yake ni dhaifu, kisha tunamrudisha nyumbani na hofu mpya.