Mpagazi alijua ujira wake, yaya wa leo haujui

WAPAGAZI wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo katika karne ya 19, kwa kawaida hawakuinua mzigo kabla ya kuafikiana juu ya ujira. Posho ilihesabiwa kando, na ilipopunguzwa njiani waliweza kuutua mzigo na kukataa kusonga mbele hadi waelewane na kiongozi wa msafara.

Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 kwa kufuata takriban njia ileile, iliwaondolea kazi hiyo. Leo hii miongoni mwa abiria waendao Dar es Salaam wamo wasichana wa mkoa huu wanaokwenda kulea watoto wa watu, na aghalabu mkataba wao ni ahadi ya shangazi au jirani.

Si kwamba sheria haiwatambui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kazi kwa wiki, likizo ya siku 28 yenye malipo na maelezo ya ajira kwa maandishi. Aidha, Amri ya Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 1, 2023, iliweka kima cha chini cha Sh120,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa kawaida wa nyumbani asiyeishi kwa mwajiri, na Sh60,000 kwa anayeishi humo.

Hapo ndipo penye utata. Yaya anayelala kwa mwajiri ndiye anayeamka mtoto anapolia saa nane za usiku, lakini ndiye aliyepangiwa nusu ya mshahara wa mwenzake anayerejea kwake jioni. Chumba na chakula vilithaminiwa. Saa za usiku hazikuthaminiwa. Mpagazi asingekubali posho igeuzwe kuwa sehemu ya ujira.

Ni kweli kwamba viwango vya sekta binafsi vilipandishwa tena kuanzia Januari 1, 2026, kwa wastani kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322. Hata hivyo, wastani unaojumuisha migodi na benki haumwelezi yaya.

Kwa upande mwingine, mwajiri mwenyewe mara nyingi ni mwalimu au muuguzi anayemlipa yaya kutoka katika mshahara wake mdogo. Kumwongezea amri pekee hakutoshi. Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, ilifungua mlango wa vituo vya kulelea watoto vya jamii. Endapo halmashauri zingebeba sehemu ya gharama, familia kadhaa zingeweza kumlipa kwa pamoja mlezi mmoja aliyefunzwa, tena mchana tu.

Chama cha CHODAWU kimejitahidi kuwaunganisha watumishi wa majumbani, lakini nyumba si kiwanda, na msichana aliye peke yake jikoni hana wa kugoma naye. Akiachishwa kazi, anazo siku 30 za kufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, katika eneo alikofanyia kazi. Mara nyingi siku hizo huanza kuhesabiwa akiwa tayari garini, amekatiwa tiketi ya kurudi Tabora.