Simama Mbele ya Kanga Wawili

Ukipita Barabara ya Haile Selassie, Oysterbay, Dar es Salaam, ukafika Morogoro Stores, punguza mwendo. Picha za Tingatinga zimetundikwa pale, tembo kwa twiga, rangi zinawaka, na wengi wetu tunapita tukisema ni vitu vya watalii. Mimi nilipita hivyo miaka na miaka.

Siku moja mvua ilinizuia kibarazani. Mbele yangu palikuwa na picha ya kanga wawili, wale ndege, na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda nikaitazama. Mwanzoni niliona madoa meupe tu. Kisha nikagundua kuwa madoa hayalingani: kifuani ni makubwa, yameachana, yakielekea mkiani yanasongamana, madogo kama ufuta. Nikasogea ubavuni mwa picha, mwanga ukanijia kwa upande, nikaona kila doa limevimba kidogo. Kumbe fundi alipaka weusi kwanza, akangoja ukauke, ndipo akarudi na ncha ya brashi, tone kwa tone, mamia ya matone, wala hakuharakisha hata moja. Kanga mmoja alikuwa akinitazama mimi. Mwenzake alikuwa akimtazama yeye. Mvua ilipokatika sikuondoka.

Mwanzilishi wa mtindo huu, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa za baiskeli, juu ya vipande vya mbao za dari. Picha zake ziliuzwa hapo hapo Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Alichora miaka minne tu! Ndugu na wanafunzi wake ndio walioishika brashi, na mtindo ukabaki na jina lake.

Ni kweli, wanyama wale wale hurudiwa, maana fundi naye ana watoto wa kulisha na mnunuzi anataka twiga. Lakini weka twiga wawili wa mafundi wawili bega kwa bega. Mmoja shingo yake imepinda kwa mkono mlaini, mwingine imenyooka kama mlingoti. Anayeangalia kwa haraka haoni tofauti hiyo, na asipoiona hatajua kwa nini picha moja inastahili bei kubwa kuliko nyingine.

Kwa hiyo nakuomba: nenda Jumamosi moja, na mtoto ukiweza. Walimu, pelekeni madarasa. Chagua picha moja tu, uipe dakika kumi, simu ikae mfukoni. Mwache mtoto aseme anachokiona, usimsahihishe. Mwulize fundi alianza na rangi ipi, na ilichukua muda gani kukauka. Wengi wao hufurahi kuulizwa. Kisha inama, tafuta saini pembeni chini, uisome, na umuage fundi kwa jina lake.