Maoni: Bwawa la samaki bila gati ni hatari kwa mwenyeji na kwa mkimbizi

Katika vijiji vingi vya Kasongo na Kabambare, bwawa la samaki limekuwa mali ya mtu mmoja lakini maji ya watu wengi. Familia zilizokimbia risasi upande wa Salamabila na kwingine katika teritwari ya Kabambare zinaishi karibu na wenyeji wao, na wote wanashuka kwenye maji yale yale: kumwagilia mchicha, kufua nguo, kuloweka muhogo. Kwenye mabwawa mengi hakuna mahali pa kusimama. Mama anashuka ukingoni akiwa na mtoto mgongoni na bidoni mkononi, miguu ikizama katika matope. Watoto wanamfuata.

Wenye mabwawa wanapaswa kuweka gati dogo linaloelea pamoja na kinjia chake, na familia za wakimbizi zisaidie kazi hiyo. Hakuna sababu ya kungoja shirika kutoka nje.

Wenye mabwawa wengi wana hofu moja, na hofu hiyo si ya bure: ukitengeneza mahali pazuri pa kuchota, umewaita watu wote, na samaki wataibwa. Lakini watu wapo tayari. Tofauti ni kwamba leo wanashuka popote, na kila njia ya miguu inakata tuta kidogo. Mvua kubwa ikija, maji yanapita pale pale palipokatwa, tuta linabomoka na samaki wa miezi sita wanakwenda mtoni. Mlango mmoja unaojulikana unalindwa kwa urahisi kuliko njia kumi za kujificha. Tena mwenye bwawa mwenyewe anapata faida: akisimama juu ya gati alfajiri anaweza kuona kama samaki wanakuja juu kuhema, ishara kwamba hewa imepungua majini, na anatupa chakula penye kina badala ya ukingoni.

Kwa nini gati la kuelea na si la miti iliyochimbiwa? Kwa sababu maji hayakai mahali pamoja. Kiangazi, kuanzia Juni, bwawa linapungua, na ngazi ya miti inabaki juu kama kitanda kikavu. Masika inafunikwa na kuteleza. Kinachoelea kinapanda na kushuka na maji. Huko Mombasa, daraja la waenda kwa miguu la Liwatoni lilijengwa lielee juu ya maji ya bahari kwa kanuni hiyo hiyo. Bwawa la shamba linahitaji kitu kidogo zaidi.

Hesabu yake ni rahisi. Bidoni ya manjano ya lita 20, ikifungwa vizuri, inabeba karibu kilo 19 kabla ya kuzama yote. Bidoni 20 zinabeba karibu kilo 380. Watu wawili wa kilo 70 kila mmoja, pamoja na mianzi na mbao za kilo 60, ni kilo 200. Kwa hiyo bidoni zinazama nusu tu, na gati la mita 2 kwa 2 linakaa vizuri. Bidoni zifungwe kwa kamba ya nailoni chini ya mianzi, nyingi zikae pembeni ili gati lisipinduke, vifuniko vielekezwe juu. Bidoni iliyobeba dawa ya shamba au mazutu isitumike kamwe, kwa sababu mabaki yake yanaua samaki. Jua linakausha plastiki, basi kila miezi michache bidoni zikaguliwe, na iliyopasuka ibadilishwe.

Kinjia kilazwe kutoka upande wa udongo wa asili, kisiwekwe kwenye tuta lililojengwa, na mtu asichimbie mti katika tuta: tundu hilo ndilo maji yanalolitafuta. Nguzo mbili zisimikwe chini ya bwawa siku linapokaushwa kwa kuvua, na gati lishikwe nazo kwa kamba iliyolegea ili liweze kupanda na kushuka. Upande mmoja uwekwe mti wa kushikilia kwa mkono.

Gati peke yake halitoshi bila mapatano. Muhogo usilowekwe bwawani: unapooza unamaliza hewa ya samaki, na wanaweza kufa wote usiku mmoja. Maji yachotwe juu ya gati, muhogo ulowekwe katika shimo au pipa pembeni. Sabuni nayo ibaki mbali na bwawa. Mtoto asipande bila mtu mzima, na watu wasizidi wawili kwa mara moja. Maji hayo si ya kunywa, maana wafugaji wengi wanatia samadi ili kulisha samaki. Anayechota juu ya gati hasimami tena ndani ya majani ya ukingoni, mahali konokono wa kichocho wanapokaa.

Mapatano hayo yasemwe mbele ya shefu wa kijiji, mwenye bwawa na wajumbe wa familia za wakimbizi, wanawake wakiwemo, kwani ndio wanaochota. Mwenyeji atoe mianzi na mahali. Wakimbizi watoe bidoni zilizochakaa lakini zisizovuja, na mikono ya kufunga kamba. Waliofunga kamba wataona mapema ikianza kuachia, na mwenye bwawa atakuwa na watu wa kumsaidia kulinda samaki usiku. Wakimbizi nao, siku ya kuvua ikifika, wajulikane kama waliofanya kazi, na sehemu yao ndogo ya samaki itajwe tangu mwanzo, ili siku hiyo isiishie kwa ugomvi.