Nani Aliwalea Wanafunzi wa Nyange?

Kila muhula ninaposahihisha insha kuhusu maadili hukutana na methali ileile: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wanafunzi huiweka mwanzoni, huirudia mwishoni, nami kwa miaka mingi nimeitilia alama ya vema. Leo naikana nusu yake, ile ambayo watu wazima huitumia kujivua lawama: nililelewa hivi, basi usiniulize.

Sikatai nguvu ya malezi. Sisi wa Rwanda tungekuwa wa mwisho kuikataa. Wabelgiji walianza kuandika kabila kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930, na uhuru ulipofika mwaka 1962 hatukuifuta desturi hiyo. Katika shule za msingi walimu (walimu, wenzangu katika kazi hii!) waliwaamuru watoto wasimame kwa makabila yao ili wahesabiwe. Wapo walioanza kulijua kabila lao siku hiyo, mbele ya darasa zima. RTLM ilipoanza kutangaza mwaka 1993, shamba lilikuwa limekwisha kulimwa.

Lakini twende Nyange, magharibi mwa nchi. Mwezi Aprili 1994 Watutsi zaidi ya elfu moja walikimbilia kanisa la parokia. Tarehe 16 kanisa lile lilibomolewa kwa buldoza juu ya vichwa vyao. Padri wake, Athanase Seromba, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliyokuwa na makao Arusha, na mwaka 2008 majaji wa rufani wakampa kifungo cha maisha. Walithibitisha kwamba dereva wa buldoza aliifanya kazi ile baada ya kupata kauli ya padri. Litafakari hilo, msomaji. Padri alilelewa katika seminari, akahubiri upendo kwa jirani. Dereva alilelewa kumsikiliza padri. Ukiipima kwa methali yetu, malezi ya dereva yalifaulu kabisa.

Miaka mitatu baadaye, usiku wa tarehe 18 Machi 1997, wanamgambo waliivamia shule ya sekondari ya Nyange hiyohiyo. Wakawaamuru wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wajitenge, Wahutu upande mmoja, Watutsi upande wa pili. Kwa kizazi kile, kutengwa hivyo darasani hakukuwa jambo geni. Aliyekuwa Mhutu angeweza kupiga hatua chache tu akabaki hai. Wakajibu kwamba wote ni Wanyarwanda. Wakamiminiwa risasi na maguruneti, sita wakafa usiku ule. Leo wanafunzi wa Nyange wamo katika daraja la Imena la mashujaa wa taifa, nasi huwakumbuka kila tarehe 1 Februari.

Najua utakalonijibu. Utasema kuwa hata ujasiri ule ulitoka mahali: kwa mama fulani, kwa mwalimu fulani, kwa sala za jioni. Nakubali. Hakuna anayejizalia maadili mwenyewe, kama vile hakuna anayejitungia lugha ya mama. Ila wavamizi nao walikuwa na mama, na waliokufa kanisani waliuawa na watu waliojua sala zilezile. Malezi yaliwapa wote maneno mawili yanayopingana, amri ya kujitenga na amri ya kumpenda jirani. Kuchagua lipi lishikwe wakati bunduki imeelekezwa kifuani, hilo hakuna mzazi aliyewafanyia. Hapo ndipo adili lilipokuwa mali yao, nao wakalilipia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba aliyeua alikuwa zao la propaganda tu. Usemi huo una sura ya huruma, lakini unamwondolea muuaji utu wake, na papo hapo unawanyang'anya wale wanafunzi sita sifa yao. Kama yeye hakuchagua, nao hawakuchagua.

Nasi walimu wa uraia tusijisifu. Tunawakaririsha watoto umoja, upendo na uzalendo, wakaitika kwa sauti moja, tukaandika kwamba somo limeeleweka. Kinywa kilichozoea kuitika kitaitika lolote. Nimeanza, kwa hiyo, kuwapa wanafunzi wangu swali wasilolipenda: ni amri gani ya mwalimu, ya mzazi au ya kiongozi ambayo ungeikataa, na ungemwambia nini usoni? Mara ya kwanza darasa lilikaa kimya hadi kengele ikalia. Juma lililofuata msichana mmoja wa nyuma aliniletea ukurasa mzima, na amri ya kwanza aliyoitaja ilikuwa yangu.