Primeval: muvi ya mamba wa pande zetu ambayo haikufika kwetu

Kama uliangalia Prison Break, Dominic Purcell unamjua, yule Lincoln. Sasa mwaka 2007 jamaa alitoka na muvi ya kutisha, Primeval, kuhusu mamba wa Burundi, jirani zetu kabisa. Juzi tumeirudia hapa Kidahwe, mshkaji mmoja akauliza, "Hapo ni pande zipi?" Hakuna pande, mwanangu. Walipiga picha Afrika Kusini.

Mambo ya nyuma ya pazia yanaendelea. Mamba unayemwona pale kwa sehemu kubwa ni kazi ya kompyuta, ila stori ina chanzo cha kweli. Gustave ni mamba mkubwa wa Mto Rusizi na fukwe za kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Jina alipewa na Mfaransa Patrice Faye, ambaye alijaribu kumnasa kwa mtego wa chuma akashindwa. Jaribio hilo lilionyeshwa kwenye filamu ya televisheni mwaka 2004. Anadaiwa kuua watu hadi 300, idadi ambayo haijathibitishwa. Hata hivyo bango la muvi lilimtangaza kama muuaji aliyeua wengi kuliko wote katika historia, bila kusema ni mamba!

Mimi huo ujanja wa bango nausamehe. Kinachonikera ni vita ya Burundi kutumika kama kiungo cha mchuzi. Humo ndani kuna mbabe wa vita, naye kapewa jina la Gustave. Anaua wanakijiji ili Wamarekani wapate cha kukimbia. Hao wanakijiji hawana hata stori yao.

Sisi watu hao tunawajua. Muvi inaingia sinema za Marekani, kambi ya Mtabila kule Kasulu bado ilikuwa na wakimbizi wa Burundi. Walikuwa na majina, watoto na mashamba waliyoyaacha.

Na mamba wenyewe si utani. Mama anayefua mtoni alfajiri hana mtu wa kumpigia kelele "kata!" mambo yakiharibika.

Kwa hiyo nawaambia wasanii wa Kigoma, muvi hii bado haijatengenezwa. Anza na huyo mama, anza na mvuvi anayerudi na dagaa usiku. Mamba aje mwishoni, hata mkia tu unatosha, tutaogopa.

Wewe ungempa nani nafasi ya huyo mama?