Moyo nao unahitaji damu



Juma lililopita mwalimu wa biolojia alituchorea moyo ubaoni. Tulifikiri tunaujua: uko kama ngumi ya mtu, unapiga karibu mara 100,000 kwa siku. Lakini kitu kimoja kilitushangaza. Ile damu inayojaa ndani ya moyo, moyo wenyewe karibu hauipati. Nyama yake ni nene, damu inapita tu. Lazima itoke kwanza, halafu irudi kwake kwa mishipa miwili inayoanzia pale mwanzo wa aota. Tena, sehemu kubwa ya damu hiyo inaingia wakati moyo unalegea, kati ya pigo na pigo. Mishipa hiyo ikizibika, mtu anaweza kufa na moyo wake umejaa damu!

Hapo tulitazamana. Sisi wa mwaka wa mwisho ndio tunaopiga kengele ya ibada, tunasoma Neno, tunaanzisha wimbo. Maneno ya Mungu yanapita kwetu asubuhi na mangaribi. Lakini tuseme kweli. Siku ya tano tulisema mbele yenu juu ya upendo. Kisha Amina, hata dakika kumi hazikupita, mmoja wetu alisukuma mtoto wa mwaka wa kwanza kwenye robine, ati anachota polepole. Mtoto alikuwa ametoka tu katika malaria. Ndoo ikamwangika. Na sisi wengine tuliokuwa pale, tulicheka.

Kuna wenzetu wanaosema ni uchovu, juu Mtihani wa Serikali uko karibu. Hapana, neno hilo tunalikataa. Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba maumivu ya kiungo kimoja ni ya mwili wote. Sisi tulikuwa mkono unaopiga mguu wake wenyewe. Kosa letu ni kufikiri kwamba kuongoza ibada ni sawasawa na kuomba.

Tulikwenda kumwomba yule mtoto msamaha. Alijibu, “Haina neno, bayaya,” lakini hakututazama usoni.

Basi kuanzia siku ya kwanza, saa kumi na moja na nusu ya asubuhi, tutakuwa katika darasa letu, kila mtu na Biblia yake, bila kiongozi, bila wimbo. Kengele haitapigwa. Mlango utakuwa wazi, hata kwa wadogo.

Mkubwa wa wanafunzi, kwa niaba ya mwaka wa mwisho