Bei ya fungu ni faida ya miaka mingapi?



Juma lililopita kwenye likelemba tuliulizana kama tununue fungu katika mashini ya kusaga mahindi. Bei: dola 300. Mwaka jana fungu moja lilileta faida ya dola 50. Gawanya 300 kwa 50, unapata 6. Ni kusema, tunalipa faida ya miaka 6.

Hisa za makampuni makubwa zinapimwa vivyo hivyo. Safaricom ya Kenya, wenye M-Pesa, mwezi wa 8 mwaka 2021 hisa yao ilifika karibu shilingi 45, na faida ya mwaka kwa hisa moja ilikuwa kama 1.70: miaka 26 hivi. Mwisho wa 2023 bei ilikuwa karibu 14, faida 1.55: miaka 9. Faida ilipungua kidogo, lakini bei ilianguka sana. Wanunuzi wa kigeni walikuwa wakitoka katika soko la hisa la Nairobi, na gharama za kuanza kazi Ethiopia zilitia watu woga.

Kwa hiyo hesabu ya mwaka mmoja haitoshi. Tuliomba daftari la mashini: faida ilikuwa dola 80, ikawa 65, sasa 50. Bei haikushuka. Zamani tungelipa faida ya miaka isiyofika 4. Leo ni 6, na injini imezeeka.

Tumeamua kungoja. Makuta ya karo ya watoto hayachezewi. Mama, ukiambiwa bei, uliza daftari la miaka mitatu.